Bilioni ni Ngapi? Neno la Kukopa na Daftari la Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu huisoma methali hii kama nasaha kwa mwenye duka: aandike alichouza, aandike na alichokopesha. Makala haya yanaisogeza hatua moja mbele. Daftari huandikwa kwa maneno, na maneno nayo yana historia, yana mipaka, na mara nyingine yana hila. Neno ninalokusudia kulichunguza ni bilioni, ambalo tulilipokea kutoka Kiingereza na ambalo siku hizi halikosi katika taarifa ya habari ya jioni yoyote nchini Kenya.

Mwulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bilioni ni ngapi, naye atajibu bila kusita kwamba ni moja yenye sufuri tisa, yaani milioni elfu. Jibu hilo ni sahihi Nairobi, ni sahihi Dar es Salaam, na ni sahihi London. Lakini lisingalikuwa jibu la kawaida London mwaka wa 1960, na hata leo si sahihi Paris, Berlin wala Madrid. Huko neno hilo hilo lina maana ya milioni mara milioni, moja yenye sufuri kumi na mbili. Tofauti iliyopo si ya shilingi mbili tatu, kwani bilioni moja ni kubwa kuliko nduguye mara elfu. Mtu akihesabu shilingi moja kwa kila sekunde, asile wala asilale, ataimaliza bilioni yetu baada ya miaka 31 na miezi kadhaa. Bilioni ya Berlin itamchukua zaidi ya miaka 31,000.

Je, neno moja linawezaje kubeba idadi mbili zilizoachana kiasi hicho? Jawabu limo katika mofolojia, somo ambalo aghalabu hulisoma kwa ajili ya mtihani na kulisahau pindi tu tukabidhipo karatasi.

Tuanze na milioni, kwa kuwa ndiyo mama. Waitaliano walikuwa na neno 'mille', yaani elfu. Wana pia kiambishi tamati '-one' ambacho huonyesha ukubwa wa kitu. Walipovitia pamoja wakapata 'milione', elfu kubwa. Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kustaajabu, maana sisi tuna mtu na jitu, nyoka na joka, nyumba na jumba. Laiti babu zetu wangalifuata mkondo huo, pengine leo tungesema 'jielfu' na mambo yakaisha. Neno hilo la Kiitaliano lilipitia Kifaransa likafika Uingereza katika karne ya 14. Hadi hapo hapana utata wowote. Milioni ni milioni kila liendako.

Utata unaanza katika mji wa Lyon, Ufaransa. Mwaka wa 1484 mwanahisabati Nicolas Chuquet aliandika kitabu juu ya sayansi ya nambari ambamo alipendekeza namna ya kuzitaja tarakimu nyingi mno. Alizigawa katika mafungu ya sita sita. Fungu la kwanza baada ya tarakimu sita za mwanzo aliliita milioni, la pili 'byllion', la tatu 'tryllion', na kuendelea. Chuquet hakuwa wa kwanza kabisa kuliwazia jambo hili, kwani Mfaransa mwenzake, Jehan Adam, alikwisha kuandika 'bymillion' mnamo 1475. Lakini mpangilio wa Chuquet ndio ulioenea, na ulienea kwa njia ya ajabu. Mswada wake haukupigwa chapa hadi 1880, karibu miaka mia nne baadaye. Uliotangulia kuonekana ni ule wa Estienne de La Roche wa 1520, ambaye alichota kwa Chuquet bila ya choyo. (Wahadhiri wanaotusumbua juu ya kunukuu kazi za watu watakubali kwamba ugonjwa huu haukuanza nasi.)

Tulitazame sasa umbo la neno lenyewe. 'Bi-' ni kiambishi cha Kilatini chenye maana ya 'mara mbili'. Asidhani msomaji kwamba tunazungumza juu ya Bi. Lioni fulani wa Mombasa. Kilichobaki, '-llion', ni milioni iliyokatwa kichwa. Kwa hiyo bilioni ni milioni iliyozidishwa kwa milioni, na trilioni ni milioni iliyozidishwa hivyo mara tatu. Kiambishi kinahesabu idadi ya milioni zinazozidishana. Ni neno lenye mantiki safi, ambalo maana yake inajengeka mbele ya macho yako kama vile umoja na wingi katika ngeli zetu. Kwa asili yake, basi, bilioni ina sufuri kumi na mbili. Bilioni tuitumiayo sisi, yenye sufuri tisa, ndiyo iliyopotoka.

Ilipotoka huko huko Ufaransa. Katika karne ya 17 baadhi ya wanahisabati wa huko walianza kuzigawa tarakimu kwa mafungu ya tatu tatu badala ya sita sita, wakayabakiza majina kwa utaratibu wake wa zamani. Likawa baada ya milioni, fungu lifuatalo ni bilioni, ingawa sasa limesogezwa kwa sufuri tatu tu. Kiambishi 'bi-' kikapoteza kazi yake. Wamarekani waliichukua hesabu hiyo mpya katika karne ya 18, wakaishikilia hadi leo. Waingereza nao walibaki na ile ya Chuquet. Mwanafalsafa John Locke, katika kitabu chake cha 1690 juu ya akili ya mwanadamu, aliyaorodhesha majina haya kwa mafungu ya sita. Hoja yake huko ingefaa kusomwa katika madarasa yetu ya semantiki: alishikilia kwamba nambari isiyo na jina bainifu ni vigumu kuishika akilini, na kwamba mtu huhesabu vyema kadiri alivyo na majina yaliyopangika.

Ajabu ni kwamba waliohama na waliobaki walibadilishana mahali njiani. Ufaransa, iliyoizaa bilioni ya sufuri tisa, iliikana rasmi mwaka wa 1961 na kurudi kwenye ile ya sufuri kumi na mbili; kwa sufuri tisa Mfaransa husema 'milliard'. Uingereza, iliyokuwa imeishikilia bilioni ya sufuri kumi na mbili kwa karne kadhaa, iliiacha. Na haikuiacha kwa azimio la wanaisimu wala kwa kongamano la wanahisabati. Tarehe 20 Desemba 1974, mbunge Robin Maxwell-Hyslop alimtaka Waziri Mkuu Harold Wilson ahakikishe kuwa mawaziri wake wanalitumia neno hilo kwa maana ya Kiingereza pekee. Wilson alikataa. Alijibu kwa maandishi kwamba ulimwenguni neno hilo limekwisha kuchukua maana ya milioni elfu, na kwamba serikali yake italitumia hivyo. Siku hiyo bilioni ya serikali ya Uingereza ilipungua mara elfu, na uchumi haukutikisika.

Mwaka huo wa 1974 unatuhusu kwa njia nyingine pia. Mnamo Julai 1974 Kiswahili kilianza kutumiwa katika Bunge la Kenya. Ni tukio tunalolisifu katika kila insha juu ya historia ya lugha yetu, na hatukosei kulisifu. Tusilolitaja mara nyingi ni kwamba Katiba ya wakati huo, baada ya marekebisho ya 1975, iliagiza miswada, sheria, na maazimio yote ya fedha pamoja na hati zinazohusiana nayo yaandikwe kwa Kiingereza. Mbunge aliruhusiwa kuhutubu kwa Kiswahili kuhusu njaa, barabara na mifugo. Fedha zilipotajwa, maandishi yaliyotambuliwa yalikuwa ya Kiingereza. Kiswahili kiliingia ukumbini, daftari likaachwa mlangoni. Utaratibu huo ulidumu hadi Katiba mpya ilipoanza kutumika Agosti 2010 na Kiswahili kikatangazwa kuwa lugha rasmi ya Jamhuri sambamba na Kiingereza.

Isitoshe, kwa miaka mingi baada ya uhuru vitabu vya bajeti na takwimu vya Kenya vilihesabu kwa pauni ya Kenya, yaani shilingi 20, hali wananchi wakinunua na kuuza kwa shilingi. Hesabu za taifa zikaonekana ndogo kwenye karatasi. Ilipoachwa pauni hiyo, tarakimu zikapanda mara ishirini, na bilioni ikawa neno la kila siku. Bajeti ya Kenya ilivuka shilingi trilioni moja mwaka wa 2011. Kufikia 2024 deni la taifa lilikuwa limevuka trilioni 10. Kwa hiyo katika muda wa kizazi kimoja tulipokea maneno mawili makubwa, bilioni na trilioni, bila ya kuyafanyia hata warsha moja ya siku moja. Tuliyatohoa kwa sauti tukadhani kazi imekwisha.

Mtu ataniuliza: je, kuna hasara gani? Bilioni si imeeleweka? Nashuku kuwa haijaeleweka, na ushahidi ninautoa katika sarufi yenyewe. Nomino hii ina maisha mawili. Inapohesabiwa huwa haina kiambishi cha wingi: bilioni moja, bilioni tatu, bilioni arobaini, katika ngeli ya I-ZI. Inapoacha kuhesabiwa huvaa 'ma-': mabilioni yameibwa, mabilioni yametengwa, mabilioni yamefujwa. 'Ma-' hii haisemi ngapi. Inasema tu kwamba ni kupita kiasi. Ni jirani wa lukuki na chungu nzima. Nchini Tanzania, mfuko wa mikopo kwa wajasiriamali wadogo uliotolewa wakati wa Rais Jakaya Kikwete ulipachikwa na wananchi jina la 'mabilioni ya JK'. Jina hilo lilisema nani katoa. Kiasi kiliachwa kwenye jedwali. Kwetu Kenya, magazeti yanapoandika juu ya ubadhirifu, 'mabilioni' ndiyo huchapwa kwa wino mzito katika kichwa cha habari, huku tarakimu ikijificha aya ya saba. Nadharia yangu, kama naruhusiwa kuiita hivyo, ni kuwa neno ambalo watu wanalitumia zaidi katika umbo lake lisilohesabika ni neno ambalo bado halijawa nambari vichwani mwao.

Linganisha na laki. Neno hili lilituvukia Bahari ya Hindi pamoja na biashara, kutoka Kihindi, ambacho nacho kililirithi kutoka Sanskriti. Lilikuja na watu wanaopima kitambaa kwa korja na kulipa papo hapo, likatua katika lugha ya sokoni likiwa na kiasi chake mkononi: 100,000, haizidi haipungui. Muuza viwanja wa Tanga akisema 'laki tatu' hakuna anayekuna kichwa. Neno jingine la Kihindi, lile la milioni kumi, halikupata makao katika Kiswahili cha leo, pengine kwa kuwa hapakuwa na aliyelipa kiasi hicho sokoni. Laki ilikopwa kwa haja. Bilioni ilikopwa kwa kuisikia redioni.

Na hapa nina malalamiko kidogo dhidi ya sisi Wakenya wa bara. Tumeiacha laki ife midomoni mwetu. Tunasema 'elfu mia mbili', tukidhani tumesema 200,000, ilhali msikilizaji makini ana haki ya kusikia 1,200. 'Elfu kumi na tano' ni 15,000 au ni 10,005? Kiswahili hutanguliza fungu kubwa na kufuatisha dogo, na bila ya uangalifu wa 'na' hatujui tunazidisha au tunajumlisha. 'Milioni na elfu moja' ni 1,001,000. 'Milioni elfu moja' ni bilioni. Tofauti nzima ya karibu milioni 999 imebebwa na kiunganishi cha herufi mbili! Laki inaondoa tatizo hilo katika daraja ya mamia ya maelfu, nasi tumeitupa kwa sababu Kiingereza hakina neno kama hilo.

Tujaribu faida yake. Chukua lile deni la trilioni 10, uligawe kwa Wakenya 47,564,296 waliohesabiwa katika sensa ya 2019. Kila mmoja, na mtoto mchanga pia, anapata takriban laki mbili na elfu kumi. Sasa kiasi kimefika nyumbani. Mama mboga anakijua. Anajua ni mtaji wa miezi mingapi. Mwezi wa Juni 2024 vijana walijitolea kuufasiri Mswada wa Fedha wa mwaka huo kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi hii ili wazazi wao waelewe. Mswada huo ulikusudia kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi kwa kodi. Iwe mtu aliuunga mkono au aliupinga, hapana shaka kwamba kazi ile ya tafsiri ndiyo ambayo idara zetu za Kiswahili zingepaswa kuwa zimeshaiandalia istilahi miaka kumi na minne kabla, tangu Katiba ilipotaka wananchi washirikishwe katika masuala ya fedha. Vijana wale hawakuwa na kitabu cha kuwaongoza. Walitumia walichonacho.

Lakini suala lenye uzito zaidi kwa wanafunzi wa lugha liko nje ya mipaka ya Kenya. Tumezoea kusema kwa fahari kwamba Kiswahili ni lugha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya hiyo mwaka wa 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka wa 2022. Katika nchi hizo tatu Kifaransa ndicho kilichofundisha hesabu shuleni kwa vizazi kadhaa. Mnyarwanda husema 'miliyari' kwa sufuri tisa, na Waswahili wa Goma, Bukavu na Lubumbashi husema miliari. Hawa si wanagenzi wanaojifunza Kiswahili chetu. Kiswahili ni lugha yao ya soko na ya nyumbani, na tarakimu kubwa si ngeni kwao. Katika iliyokuwa Zaire mfumuko wa bei ulifika mahali ambapo mwaka wa 1993 sarafu mpya moja ilibadilishwa kwa zaire milioni tatu za zamani. Muuza mihogo wa Bukavu alikuwa akizitaja milioni wakati sisi tukitaja mia.

Kwa hiyo Kiswahili kina maneno mawili kwa idadi moja: bilioni upande wa mashariki, miliari upande wa magharibi. Hilo peke yake si balaa. Lugha kubwa huwa na visawe, nasi tunavyo vingi kuliko hivyo. Balaa ni upande wa pili wa sarafu: tuna neno moja lenye idadi mbili. Kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa, 'bilioni' yetu inasikika kama 'billion' ya kwao, yenye sufuri kumi na mbili, na 'trilioni' yetu inasikika kama kitu chenye sufuri kumi na nane. Kweli, Wafaransa wenyewe hulikwepa neno hilo. Wanapofika huko wao husema miliari elfu, na bajeti ya Kongo hutajwa kwa maelfu ya miliari. Lakini mfasiri hawezi kuutegemea uangalifu wa mwingine. Rafiki wa uwongo ni rafiki wa uwongo hata akikutembelea mara moja kwa mwaka.

Mfano wa nchi nyingine utatosha. Mnamo Novemba 1923 thamani ya fedha za Ujerumani iliporomoka hadi dola moja ya Marekani ikawa sawa na mark 4,200,000,000,000. Vitabu vya Kijerumani huandika 4.2 'Billionen'. Vitabu vya Kiingereza vya leo huandika trilioni 4.2. Mwanafunzi anayefasiri kutoka Kijerumani kwenda Kiswahili akiandika bilioni 4.2, sauti zitakuwa zimefanana kabisa, utohozi utakuwa umekamilika, na hesabu itakuwa imepungua mara elfu. Hakuna kanuni ya fonolojia itakayomwokoa.

Wapo watakaosema dawa ni kuyafukuza maneno haya ya kigeni na kubuni yetu. Nawaheshimu, ila siungani nao. Kiswahili kilikuwa na kikwi kwa maana ya elfu, na washairi wa kale walilitumia. Lakini elfu ya Kiarabu ilikwisha kulichukua soko, na kikwi kikabaki katika tungo. Kulirejesha leo na kulipa mzigo wa bilioni ni kumwamsha babu apigane vita visivyo vyake. Wengine watasema tuisubiri dunia iamue, kama Wilson alivyoisubiri. Huo nao ni uvivu uliovaa kanzu. Wilson alikuwa akifuata matumizi ya wazungumzaji wengi wa lugha yake mwenyewe, hasa Wamarekani. Sisi wazungumzaji wetu wenyewe wamegawanyika.

Wanaostahili kuigwa, kwa maoni yangu, ni wazungumzaji wa Kihispania. Bilioni yao ina sufuri kumi na mbili, na kwa sufuri tisa husema tu 'mil millones', milioni elfu. Mwaka wa 1995 Akademia yao ilikubali neno jipya, 'millardo', kwa pendekezo la Rais Rafael Caldera wa Venezuela, lakini wengi wao wameendelea na milioni elfu yao bila ya wasiwasi. Ni maneno mawili ambayo kila mtoto anayafahamu, yamewekwa bega kwa bega. Nasi tunayo yote mawili. Elfu ni yetu kwa karne nyingi. Milioni haina utata mahali popote duniani. Mwenyeji wa Lamu, wa Kigoma, wa Bujumbura na wa Kisangani wote wataielewa milioni elfu kwa namna moja, mradi pasiwepo 'na' katikati.

Sipendekezi bilioni ifutwe katika mazungumzo, wala sitarajii mtangazaji wa redio aache kuitamka. Ninachokidai ni cha maandishi, na hasa maandishi yanayovuka mipaka: hati za Jumuiya, mikataba ya mikopo, tafsiri za bajeti, vitabu vya kiada. Humo neno bilioni linapotokea mara ya kwanza lifuatwe na maelezo, 'yaani milioni elfu', na trilioni ifuatwe na 'yaani milioni mara milioni', pamoja na tarakimu zote bila ya kufupisha. Katika hati iendayo Kinshasa au Bujumbura, milioni elfu ndiyo itangulie. Miliari nayo iingizwe katika kamusi zetu kama kisawe halali cha Kiswahili cha magharibi, bila ya alama ya kuionyesha kuwa ni kosa au lahaja duni. Nayasema haya nikijua kwamba kuna watu katika taaluma yetu ambao bado huhesabu Kiswahili cha Kongo kama Kiswahili kilichovunjika. Kilichovunjika hapa ni masikio.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ina uwezo wa kulitolea jambo hili mwongozo wa ukurasa mmoja, na BAKITA lina uzoefu wa miongo kadhaa wa kusanifisha istilahi. Lakini hatuhitaji kuwangoja ili kuanza katika madarasa yetu. Mtihani wa tafsiri, ambao kwa kawaida hutupa kifungu cha riwaya au hotuba ya kiongozi, ungeweza safari hii kutupa jedwali la fedha lenye mistari mitano: mmoja wa Kiingereza cha kabla ya 1974, mmoja wa Kiingereza cha leo, mmoja wa Kifaransa, mmoja wa Kijerumani, na wa mwisho wa Kiswahili cha Lubumbashi. Mtahiniwa afasiri yote kwa Kiswahili sanifu, na alama zitolewe kwa sufuri.